Jangwa la Boko

Tiketi elfu tatu, mtoto nusu.
Nikamlipia Nasra, nikajilipia na mimi,
kuingia shimo nililolichimba kwa beleshi
miaka kumi na minne.

Siku hizi lina geti la chuma na bango la choroa,
pembe zimenyooka kama zimepigwa rula.
Migunga imeota pale tulipokuwa tukigeuzia tipa.
Chokaa ya ukingoni bado nyeupe,
bado inaumiza macho saa nne asubuhi.
"Karibuni jangwani," akasema kijana wa getini,
Elinami, Mpare wa Same, kofia imemzidi kichwa.
Jangwani! Mimi Jangwani ninayoijua ni ile ya Magomeni,
inayojaa maji kila masika.

Akatupanga kibandani, watu saba
na mama mmoja mwenye darubini.
Simu zizimwe. Manukato, bahati mbaya, tulishajipaka.
Choroa wako watatu, akanong'ona,
walikuja kwa lori kutoka kaskazini wamefungwa vitambaa machoni,
na mmoja ana mimba, hapendi kelele.
"Huyu hukaa wiki bila kunywa.
Umande wa alfajiri kwenye jani, basi, umemtosha."
Mama wa darubini akaguna kwa mshangao.
Mimi kimya. Sisi wa Boko
somo hilo tumelihitimu, tena bila pembe.

Tukangoja.
Jua likapanda, bati likalia ta, ta.
Akaanza swala twiga, shingo ndefu,
akasimama kwa miguu miwili kama mtu,
akavuta tawi, akachagua jani mojamoja
kama bibi achambuavyo mchele wa mgeni.
Nasra alinibana kidole mpaka kikafa ganzi.

"Babu, jangwa hili alilifanya nani? Mungu?"

Palikuwa na mikorosho hapa,
na kisima cha Mwanamkasi, na njia ya kukatisha kwa Pazi.
Kilima tulikiondoa beleshi kwa beleshi,
tripu saba kwa siku, kokoto mfukoni za kuhesabia;
saba zikitimia nazitupa, kesho naokota nyingine.
Kilima kiko Kariakoo sasa. Kiko Upanga, kwenye ghorofa,
kiko msikitini kwetu, kiko benki,
kiko kwenye karo la choo changu mwenyewe.
Na Shomvi, ukingo ulipomwangukia mwezi wa Rajabu,
tulimtoa kwa mikono, tukiogopa beleshi zitamkata.
Jioni ileile tipa mbili zikaondoka zimejaa.

Nimwambie nini mtoto wa miaka minane?
"Tulikuwa wengi," nikasema.
Hakuelewa. Akarudi kwa swala wake.

Saa sita kasorobo ikatokea pembe.
Moja tu: akisimama ubavu, Elinami alisema,
mbili hujificha ndani ya moja.
Kisha uso, mweupe, umepakwa masizi
toka paji hadi puani.
Akatutazama. Hapana, alitazama upande tuliokuwepo,
kama mtu atazamavyo ukuta.
Akaparua mchanga kwa kwato,
akafika kwenye ubaridi,
akalala, tumbo limeenea sawasawa.
Kazi ya miaka mingi haitoki mwilini: nikapiga hesabu.
Alichokichimba kisingejaza hata toroli moja.

Getini mlinzi akatuzuia.
"Vueni viatu, mkung'ute.
Mchanga wa hifadhi hautoki, ni sheria."
Nilicheka, nikacheka mpaka Nasra akaona aibu,
mpaka mlinzi akauliza, mzee, uko salama?
Niko salama, mwanangu.

Nikashika nguzo, nikavua cha kushoto,
nikakipigapiga kisigino mpaka kikawa kitupu.
Cha kulia nilikirudia mara mbili.